Kutotolesha mayai ya kuku nyumbani Bukavu: mwongozo wa siku 21

Maswali ya wafugaji wanaoanza hapa Bukavu hayabadiliki sana, wawe wanaishi Kadutu, Bagira au Panzi. Wanauliza joto liwe kiasi gani, kama mayai yameharibika baada ya umeme kukatika usiku, na kwa nini vifaranga walikamilika ndani ya ganda lakini hawakutoka. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuchagua mayai hadi kifaranga akauke. Unamlenga mtu mwenye mashine ndogo ya kutotolesha, iwe ya kununua au ya kujitengenezea, inayobeba mayai kati ya 20 na 100. Ikiwa una mayai kumi tu na kuku wa kienyeji ambaye tayari amelala kwenye kiota, mpe huyo: ataatamia mayai kumi hadi kumi na mawili vizuri kuliko mashine yoyote ya bei nafuu, wala hatahitaji umeme.

Vitu vya kuandaa

- Sanduku linalotunza joto. La frigoliti, lile jeupe na jepesi la kusafirishia samaki, linatosha. La mbao nalo linafaa ikiwa limewekewa frigoliti kwa ndani. Mfuniko uwe na kidirisha cha kioo au cha plastiki angavu, ili usome vipimo bila kufungua. Toboa matundu ya hewa manne ya upana wa kidole, mawili chini na mawili juu.
- Balbu mbili za zamani, zile za uzi unaowaka, za wati 25 hadi 40, pamoja na themostati ya kuziwasha na kuzizima. Balbu mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikiungua nyingine inaendelea na kazi. Balbu za LED hazifai, kwa kuwa joto linalotoka ndani yake ni dogo mno.
- Feni ndogo kama ile ya ndani ya kompyuta, ili joto lienee sawa pembe zote.
- Kipimajoto, na kipimo cha unyevu wa hewa.
- Chombo kipana cha maji kisicho na kina, kalamu ya risasi, tochi yenye mwanga mkali, daftari, chupa kadhaa za plastiki za lita moja na nusu, na blanketi.

Hakiki vipimo vyako kabla ya kununua mayai

Sehemu hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoua mayai mengi zaidi. Tofauti ya nyuzi moja tu kwa siku 21 inatosha kuharibu mzunguko mzima, na vipimajoto vya bei ndogo vinavyouzwa sokoni mara nyingi hukosea kwa kiasi hicho au zaidi. Usiamini namba inayoonyeshwa kwa sababu tu imeandikwa kwa tarakimu zinazong'aa.

Wapo wanaojaribu kipimajoto kwa maji yanayochemka, wakitarajia kuona 100. Njia hiyo haifai hapa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Anayeona 95 hudhani kifaa chake kimepungukiwa na nyuzi tano, anakirekebisha, kisha anaendesha mashine yenye joto la chini mno kwa mayai.

Njia ya uhakika ni kutumia kipimajoto cha kidijitali cha kupimia homa, kinachopatikana katika duka lolote la dawa. Weka maji ya vuguvugu kwenye bakuli, yawe karibu na nyuzi 38. Tumbukiza ncha za vipimajoto vyote viwili zikiwa zimekaribiana, koroga polepole, kisha soma zote kwa wakati mmoja. Tuseme cha homa kinaonyesha 38.0 na chako kinaonyesha 37.3: andika kwenye kipande cha plasta "ongeza 0.7" na ukibandike juu ya mashine. Kipimajoto chenye hitilafu unayoijua bado ni chombo kizuri cha kazi.

Kipimo cha unyevu nacho hupimwa kwa chumvi ya jikoni. Jaza kifuniko cha chupa kwa chumvi, idondoshee maji mpaka ilowe bila kuyeyuka, ukiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na uache hivyo kwa saa kumi au kumi na mbili. Hewa ya ndani ya mfuko itafikia unyevu wa asilimia 75. Namba nyingine yoyote utakayosoma ndiyo hitilafu ya kipimo chako.

Mayai ya kutotolesha

Mayai ya trei yanayouzwa madukani, pamoja na yale yanayovuka mpaka wa Ruzizi, kwa kawaida hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Hayawezi kutoa kifaranga hata ukiyatunza namna gani. Nunua kwa mfugaji unayeweza kumtembelea, mwenye jogoo mmoja kwa mitetea minane hadi kumi, na jogoo huyo awe amekaa nao kwa wiki mbili au zaidi.

Chagua mayai ya ukubwa wa wastani, yenye umbo la kawaida na ganda lisilo na ufa, yasiyozidi siku saba tangu kutagwa. Baada ya siku ya saba uwezo wa kuanguliwa hushuka kila siku. Usiyaoshe: ganda la yai lina vijitundu vingi vilivyofunikwa na utando mwembamba wa kinga, na maji huuondoa utando huo na kuingiza vijidudu. Yai lililochafuka sana liache, lile lenye doa dogo lifute kwa kitambaa kikavu. Wakati unakusanya idadi yako, yahifadhi katika chumba chenye ubaridi, ncha nene ikiwa juu. Usiyaweke ndani ya friji, kwa sababu ubaridi wake umezidi.

Jambo moja linatuhusu sisi wa milimani zaidi kuliko wengine. Hewa yetu ni nyepesi, na maji hupenya na kutoka ndani ya yai haraka kuliko kule mabondeni. Kuku waliozoea kimo hiki hutaga mayai yanayolingana nacho, ilhali mayai yaliyotoka Uvira, penye kimo cha karibu mita 780, huanguliwa kwa shida zaidi yakipandishwa huku. Kwa hiyo yatafute Kabare, Walungu, Idjwi au mjini kwenyewe. Na kwa kuwa yai lililosafiri kwa pikipiki kwenye barabara zetu limetikiswa sana, yaache yatulie saa 24, ncha nene juu, kabla ya kuyaingiza kwenye mashine.

Hatua za kazi

1. Washa mashine tupu kwa siku nzima. Iweke katika chumba cha ndani kisichopigwa na jua wala upepo, mbali na moshi wa jikoni. Mashine yenye feni ikae kwenye nyuzi 37.5. Isiyo na feni ikae kwenye nyuzi 38.5, zikipimwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai, kwa sababu humo hewa ya juu huwa na joto kuliko ya chini. Usiweke yai lolote mpaka joto lisimame mahali pamoja usiku na mchana. Usiku wa Bukavu ni wa baridi, na mashine iliyorekebishwa saa sita mchana huenda isitoshe saa kumi alfajiri.

2. Tia alama na uyapange. Chora X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili, kwa kalamu ya risasi na si kwa wino. Mayai yakiwa yamefikia joto la chumba, yalaze kwa ubavu. Joto la mashine litashuka mara moja na litachukua saa kadhaa kurudi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kupandisha themostati: mayai yakishapata moto, joto linapita kiwango usiku wakiwa wamelala. Usiiguse. Siku ya kuweka ihesabu kuwa sifuri, hivyo mayai yaliyowekwa Jumamosi jioni yatatarajiwa Jumamosi ya wiki ya tatu.

3. Geuza mayai mara tatu au tano kwa siku, hadi siku ya 18. Osha mikono kwanza. Idadi isiyogawanyika kwa mbili ina sababu yake: upande uliokuwa juu usiku wa leo hautakuwa juu usiku wa kesho. Yai lisilogeuzwa hufanya kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, kigande kwenye utando wa ganda, na wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Fungua, geuza, funga. Kazi isizidi dakika chache.

4. Dumisha unyevu wa asilimia 50 hadi 55. Unyevu hutokana na upana wa uso wa maji, wala kina chake hakiuongezi. Sufuria ndefu iliyojaa haitoi unyevu zaidi ya sinia lenye maji kidogo. Ukitaka kuongeza, weka chombo kipana zaidi au sponji inayotokeza juu ya maji. Ukitaka kupunguza, funika sehemu ya chombo. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti utahitaji uso mpana kuliko msimu wa mvua. Ongeza maji ya vuguvugu, kamwe si ya baridi.

   Mwenye mizani ya jikoni ana kipimo cha kuaminika kuliko kingine chochote. Pima mayai yote kwa pamoja siku ya kwanza, kisha siku ya 7, ya 14 na ya 18, ukiwa umetoa hesabu ya yale uliyoyaondoa. Kufikia siku ya 18 yawe yamepungua uzito kwa asilimia 12 hivi, maana yake yai la gramu 50 liwe na gramu 44. Yakipungua haraka kuliko hapo, jambo la kawaida katika kimo chetu, panua uso wa maji. Yakichelewa kupungua, ufinye. Usizibe matundu ya hewa ili kulinda unyevu, kwa sababu hewa yetu ina oksijeni chache kuliko ya mabondeni, na kiinitete kinaihitaji zaidi kadiri kinavyokua.

5. Jiandae kwa delestaji, yaani umeme kukatwa. Swali hili huulizwa kwa hofu kubwa, ilhali jibu lake lina faraja: yai huvumilia baridi kuliko linavyovumilia joto kali. Umeme kukatika kwa saa chache hakuui mayai, ila huchelewesha kuanguliwa, lakini saa chache juu ya nyuzi 40 zinaweza kuyamaliza yote.

   Umeme ukikatika, usifungue mashine. Ifunike kwa blanketi huku ukiacha matundu ya hewa wazi. Baada ya saa moja hivi, jaza chupa za plastiki maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, uziweke pembeni ndani ya sanduku bila kugusana na mayai, na uzibadilishe zinapopoa. Soma kipimajoto kila unapozibadilisha. Umeme ukirudi, ondoa chupa kwanza kisha uache themostati ifanye kazi yake kwa kiwango kilekile. Kupandisha joto ili kufidia saa zilizopotea ni kosa. Katika wiki ya mwisho viinitete huzalisha joto lao wenyewe, kwa hiyo mashine hupoa polepole zaidi, ila uhitaji wa hewa safi huwa mkubwa.

   Onyo: usiweke mbabula (jiko la makaa) wala taa ya mafuta karibu na mashine katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua viinitete, na inaua pia watu waliolala chumba hicho.

6. Kagua kwa mwanga siku ya 7 na ya 14. Fanya hivyo usiku, chumba kikiwa giza, kwa kubana tochi kwenye ncha nene ya yai. Siku ya 7 yai hai huonyesha doa jeusi linalotoa mishipa myembamba pande zote kama buibui, na doa hilo mara nyingine hucheza. Yai angavu lisilo na kitu halikurutubishwa. Yai lenye mduara mwekundu uliofungana lilianza kisha likafa. Ondoa hayo yote mawili, kwa sababu yai lililooza linaweza kupasuka ndani ya mashine na kuchafua mengine. Ukiwa na shaka, lirudishe na ulikague tena siku ya 10. Siku ya 14 karibu yai lote litakuwa jeusi, isipokuwa chumba cha hewa, ile nafasi tupu kwenye ncha nene.

7. Siku ya 18, acha kugeuza. Tandika wavu au kitambaa chenye mkwaruzo chini ya mayai, kwani sakafu laini huteleza na kutanua miguu ya vifaranga. Pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, fungua matundu yote ya hewa, jaza maji ya kutosha siku tatu, kisha funga.

8. Usifungue mpaka wamalize. Kifaranga kwanza hutoboa utando na kuanza kuvuta hewa iliyo ndani ya yai. Ndipo utakaposikia sauti kabla ya kuona ufa. Kisha hutoboa ganda na kunyamaza. Kimya hicho kinaweza kuchukua saa 12 hadi 24, na wakati huo kifaranga hajakwama: mapafu yanazoea hewa, damu iliyokuwa kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni. Anayemvunjia ganda katika saa hizo humtoa damu. Anayefungua mfuniko ili kutazama huruhusu unyevu kutoka, na utando hukauka ukambana kifaranga aliyekuwa mzima. Nawaomba wenye watoto nyumbani wawaeleze jambo hili mapema, maana kila mtoto hutamani kumsaidia kifaranga. Usiwe na wasiwasi juu ya njaa: kiini kilichoingia tumboni humtosha kifaranga kwa siku mbili.

9. Hamisha waliokauka. Vifaranga wenye manyoya makavu wapeleke kwa pamoja kwenye boksi lenye nyuzi 32 hadi 35, ukipunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Wape maji kabla ya chakula, katika chombo kifupi chenye kokoto ili wasizame. Panga na daktari wa mifugo chanjo ya Newcastle tangu wiki ya kwanza. Ugonjwa huo ukiingia kartie, hauachi banda.

Ikiwa mambo hayakwenda vizuri

*Mayai yote ni angavu siku ya 7.* Ama jogoo hakuwepo au hafai, ama mayai yalikuwa ya zamani sana. Mashine haina kosa.

*Miduara mingi ya damu.* Mayai yalihifadhiwa muda mrefu, yalitikiswa sana njiani, au joto lilipanda kupita kiasi katika siku za kwanza.

*Vifaranga walitoka siku ya 19 au ya 20, wadogo, wenye vitovu vibichi.* Joto lilikuwa juu. Rudia jaribio la kipimajoto.

*Walichelewa hadi siku ya 22 au ya 23.* Joto lilikuwa chini, au umeme ulikatika mara nyingi. Usizime mashine siku ya 21. Ngoja hadi siku ya 23.

*Walikamilika lakini hawakutoboa ganda.* Hapa sababu ni kadhaa, na dawa ni kufungua mayai machache kwa upole na kutazama. Ukikuta maji mengi na kifaranga aliyevimba, unyevu ulikuwa juu mno katika siku 18 za kwanza. Ukikuta chumba cha hewa kikubwa mno na utando mkavu, unyevu ulikuwa chini. Ukikuta kichwa kimeelekea ncha nyembamba, huenda mayai yalisimamishwa kichwa chini au hayakugeuzwa ipasavyo. Na kama kila kitu kinaonekana sawa, tazama matundu ya hewa.

*Walitoboa kisha wakafia hapohapo.* Utando ulikauka. Mara nyingi mfuniko ulifunguliwa, au maji yaliisha siku ya 20. Ikiwa kifaranga ametoboa zaidi ya saa 24 na bado analia, unaweza kulowesha utando kwa maji ya vuguvugu na kubandua kipande kidogo cha ganda. Ukiona damu hata tone moja, acha na umrudishe.

*Vifaranga wanata na kunuka.* Mashine ilikuwa chafu, au yai bovu lilipasuka ndani. Zika mabaki yote, osha sanduku kwa sabuni kisha kwa maji yenye dawa ya klorini, na ulianike wazi juani mpaka likauke kabisa kabla ya kuweka mayai mengine. Lisipokauka, ukungu utaingia kwenye mayai yanayofuata.